Nani Atalipa Kodi ya Mwenye Duka wa Zamani?

Duka likiuzwa Butembo, kila kitu huhesabiwa. Mtu wa muuzaji na mtu wa mnunuzi huingia depo pamoja, kila mmoja na daftari lake, wakahesabu mabati, mifuko ya saruji, vitenge, matairi, pikipiki ambazo bado hazijaunganishwa, mpaka rafu na mizani. Madeni ya wateja husomwa kwa majina. Pesa anazodai msambazaji wa Dubai au Guangzhou huandikwa. Mwishoni bei inakatwa, wazee wawili watatu wanashuhudia, funguo zinakabidhiwa. Kuna deni moja tu ambalo hupita katikati ya hesabu hiyo bila kuguswa, kwa kuwa siku hiyo hakuna anayelidai: kodi ambayo biashara ilipaswa kulipa mwaka jana, mwaka juzi na mwaka uliotangulia.

Deni hilo huja baadaye, kwa barua ya DGI, yaani Idara Kuu ya Kodi, na mara nyingi huja wakati muuzaji ameshahamia Kampala au Kinshasa na pesa zake zimeshageuka nyumba. Mnunuzi hujitetea, tena kwa haki, kwamba miaka hiyo yeye hakuwepo. Lakini barua haikuandikwa kwa jina lake. Imeandikwa kwa jina la kampuni, na kampuni ilikuwepo.

Wafanyabiashara wa Butembo na Beni wanatakiwa kuanza kulimaliza jambo hili ndani ya mkataba wenyewe. Muuzaji aahidi kwa maandishi kwamba kodi ya kipindi chake ikidaiwa kesho, ataibeba yeye au atamrudishia mnunuzi alicholipa, na sehemu ya bei itengwe pembeni ili ahadi hiyo isibaki maneno matupu. Mawakili huiita dhamana ya kodi. Kwa makampuni makubwa ya dunia ni kifungu cha kawaida kabisa. Katika Grand Nord, yaani eneo hili la Butembo na Beni, bado kinaonekana kama jambo la wazungu wa migodi na mafuta, wakati hakuna sehemu ya Kongo inayokihitaji kuliko hii, ambako mtoza kodi amebadilika mara kadhaa ndani ya umri wa mtu mmoja.

Kwanza sheria. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, Septemba 2012, na tangu hapo sheria za biashara za Kinshasa, Abidjan na Dakar ni zilezile. Kampuni iliyoandikishwa kwenye RCCM, rejista ya biashara, ni mtu mbele ya sheria: ina jina, ina namba ya kodi, ina mali na ina madeni. Anayenunua hisa zake ananunua mtu huyo mzima pamoja na maisha yake ya nyuma. Wanahisa wanaweza kubadilika wote kwa siku moja, namba ya kodi ikabaki ileile.

Sheria ya taratibu za kodi ya mwaka 2003 inaipa DGI nafasi ya kurudi nyuma na kurekebisha kodi iliyopungua mpaka mwisho wa mwaka wa nne baada ya mwaka inayohusika. Kodi ya 2025, kwa hiyo, inaweza kufunguliwa tena mpaka mwisho wa 2029. Na mdaiwa asipolipa, mkusanyaji anaweza kumwandikia yeyote anayeshika pesa zake, iwe benki, mpangaji au mteja mwenye deni, amwambie alipe Hazina badala ya kumlipa mdaiwa. Wafanyabiashara wengi wa Butembo wameisikia amri hiyo kwa mara ya kwanza kwenye dirisha la benki, siku walipokwenda kutoa pesa za kununulia mzigo.

Hapo ndipo watu wengi wanapoelewa vibaya kazi ya mkataba. Hudhani kwamba wakiandika "kodi za zamani ni za muuzaji", basi wataionyesha DGI karatasi hiyo na mambo yataishia hapo. Hayaishi. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, iliyotolewa enzi za Leopold wa Pili na ambayo bado inatumika, inasema mkataba ni sheria kwa waliouandika, na kwamba haumgusi asiyekuwemo. DGI haikuwemo. Itadai kampuni, na kampuni italipa. Faida ya kifungu huanza baada ya hapo: kinampa mnunuzi njia ya kurudi kwa muuzaji na kumwambia, nimelipa deni lako, nirudishie. Asiye na kifungu hana njia hiyo, au anayo nyembamba sana, ya kuthibitisha mbele ya jaji kwamba alidanganywa.

Mtu wa Butembo atauliza ubishi huu wote ni wa nini, ikiwa mji mzima ulijengwa kwa kuaminiana. Ni kweli ulijengwa hivyo. Hakuna serikali iliyowapa Wanande, wenyeji wa eneo hili, mitaji. Walianza na maharagwe, vitunguu, kahawa na dhahabu, wakafika Kisangani, Kinshasa na Kampala, kisha bandari za Asia, wakikopeshana kwa neno la mdomo na kudhaminiana kwa ukoo na kanisa. Mfumo huo umefanya kazi ambayo benki zilishindwa kuifanya, na anayeudharau haujui mji huu. Lakini unawabana wale waliomo ndani yake tu. Mkusanyaji wa kodi aliyehamishiwa hapa kutoka Kasai hana shemeji mtaa wa Furu. Na muuzaji mwaminifu kabisa anaweza kuwa hajui kwamba mhasibu wake hakupeleka kodi ya mishahara kwa miezi minane. Kwa hiyo hata pasipo na mwongo kati ya wawili hao, deni linabaki, na mmoja wao atalibeba. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari la kodi ndilo ambalo mji huu umelichelewesha.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika ukanda huu haukutokea mbali. Semliki, mto unaopita chini ya daraja la barabara ya Beni–Kasindi, unamwaga maji yake Ziwa Albert. Upande wa Uganda wa ziwa hilo makampuni mawili, Heritage na Tullow, yalikuwa na vitalu vya mafuta namba 1 na 3A nusu kwa nusu. (Mwaka 2006 yalikuwa yametia sahihi na Kinshasa pia, kwa upande wa Kongo, lakini mwaka 2010 vitalu vya huku vikapewa makampuni mengine, Caprikat na Foxwhelp.) Mwaka huohuo wa 2010 Heritage iliiuzia Tullow nusu yake yote ya Uganda kwa dola bilioni 1.45. Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, ikasema muuzaji amepata faida, na faida ina kodi ya asilimia 30. Ikadai dola milioni 404.9, kisha ikaongeza milioni 30 kwa sehemu nyingine ya bei. Heritage ikakataa katakata, ikisema hakuna sheria ya Uganda inayotoza mauzo ya aina hiyo.

Cha kuangalia ni pesa zilivyopangwa. Dola milioni 121.5, yaani asilimia 30 ya kodi inayobishaniwa, ziliwekwa URA, kama sheria ya Uganda inavyomtaka anayepinga. Dola milioni 283.4 zilizobaki hazikuingia mfukoni mwa muuzaji wala serikalini. Zilikaa London kwenye akaunti ya pembeni, mikononi mwa benki, zikimsubiri mshindi. Na ndani ya mkataba wa mauzo kulikuwa na kifungu: kodi ya muuzaji ikimwangukia mnunuzi, muuzaji atarudisha.

Ikamwangukia. Heritage ilikuwa imeshaondoka kwenye vitalu, haina tena kisima cha kushikwa. Tullow ndiyo iliyobaki, tena ikihitaji ridhaa ya serikali ili iuze sehemu ya vitalu kwa Total na CNOOC. URA ikaiandikia Tullow kama mtu anayeshika pesa za mdaiwa, namna ileile ambayo DGI huiandikia benki ya mfanyabiashara wa Butembo. Aprili 2011 Tullow ikalipa dola milioni 313.4, kisha ikaifungulia Heritage kesi London.

Utetezi wa Heritage ungeweza kusikika kwenye baraza lolote la FEC, shirikisho la wafanyabiashara la Kongo. Kodi yenyewe haikuwa halali. Tullow ililipa kwa faida yake, ili Kampala iifungulie njia ya biashara yake na Total. Tena taarifa ya madai haikuletwa ndani ya muda na kwa namna iliyokubaliwa kwenye mkataba. Juni 2013 Mahakama Kuu ya London ikaipa Tullow ushindi, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Muuzaji akatakiwa kurudisha alichoahidi.

Depo ya mabati si kitalu cha mafuta, lakini mfuatano wa mambo ni uleule: muuzaji anaondoka, mali inabaki, mtoza kodi anaishika mali, mnunuzi analipa kwanza na kubishana baadaye. Kilichoiokoa Tullow ni vitu viwili ambavyo mtu wa Butembo naye anaweza kuvipata, maandishi na pesa iliyotengwa. Kisichowezekana Butembo ni miaka zaidi ya mitatu ya mawakili wa London. Ndiyo sababu hapa pesa iliyotengwa ina thamani kubwa kuliko ukurasa wowote wa mkataba, kwani muuzaji ambaye pesa yake iko kwenye akaunti ya pembeni atakuja mwenyewe kuzungumza na DGI, bila kuitwa na mahakama.

Butembo na Beni zina historia yao ya ahadi za kodi, chungu kuliko hiyo ya London, na haiwezekani kuzungumzia jambo hili bila kuigusa. Vita vilipoanza Agosti 1998, majeshi ya Uganda yalikuwa hapa. Mwaka 1999 chama cha waasi cha RCD kiligawanyika, na tawi lake la RCD-ML, ambalo baadaye lilitawaliwa na Mbusa Nyamwisi na kuitwa RCD-K/ML, likafanya Beni kuwa makao yake. Utawala huo ulihitaji pesa taslimu, na pesa zilikuwa Kasindi, mpakani na Uganda, kwenye duane, makontena ya Mombasa yanapovuka kutoka Mpondwe. Waagizaji wanane wakubwa wa Butembo, waliokuja kuitwa G8, wakaelewana nao: walipe mapema, kabla mzigo haujafika, na makontena yakifika walichotanguliza kikatwe kwenye ushuru, kwa viwango vya nafuu. Mtafiti Timothy Raeymaekers ameueleza mpango huo kwa undani katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu wafanyabiashara wa mji huu.

Kuna wanaoukumbuka mpango huo kwa aibu na kuna wanaoukumbuka kwa shukrani, maana ulizuia uporaji wa wazi na ukauwezesha mji kupata saruji na dawa wakati miji mingine ilikuwa ikizimika. Swali la kumhukumu mtu kwa kuishi wakati wa vita ni zito kuliko nafasi ya gazeti. Lakini ukiuangalia kama mkataba, ulikuwa mkopo uliofungwa na ahadi ya kodi: lipa leo, na hakuna atakayekudai tena kesho. Aliyetoa ahadi hiyo hakuwa na uwezo wa kuilinda zaidi ya siku zake za kutawala. Na wengine walipewa kubwa zaidi ya hiyo. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Aprili 2001 ilieleza jinsi uongozi wa RCD-ML ulivyolipatia kundi la kibiashara la Trinity msamaha wa kodi kwa shughuli zake katika eneo hilo. Kila msamaha wa aina hiyo uliongeza mzigo kwa mwenye lori moja asiyemjua mkubwa yeyote.

Mkataba wa Pretoria ukatiwa sahihi Desemba 2002, serikali ya mpito ikaanza tarehe 30 Juni 2003, na duane ya Kasindi ikarudi hatua kwa hatua chini ya Kinshasa. Mtu aliyebaki na karatasi ya pesa alizotanguliza kwa RCD-K/ML angeipeleka kwa nani? Chama kilikuwa kimeingia serikalini, wakubwa wake wamekuwa mawaziri na wabunge, na dirisha lililotoa karatasi limefungwa. Aliyenunua biashara ya mtu kama huyo mwaka 2003, akihesabu karatasi hizo kama mali, alinunua hewa.

Hayo si ya kale. Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 Juni 2024, Goma Januari 2025, na serikali ya mkoa chini ya gavana Somo Kakule ikahamia Beni. Leo kuna makampuni yenye ofisi Butembo na depo Goma au Kirumba. Upande mmoja yana risiti za benki za Hazina, upande mwingine yana karatasi za mamlaka ya waasi. Yule anayetaka kununua kampuni ya namna hiyo aweke hesabu hizo mbili mafungu mbalimbali. Karatasi ya mwenye bunduki inaonyesha kwamba pesa zilitoka, haionyeshi kwamba deni la Hazina limekwisha. Mkataba wa mauziano utaje wazi miaka na mahali: depo ya Goma tangu Januari 2025, nani anabeba hatari ya kudaiwa upya? Na Kinshasa nayo itamke kwa maandishi, mapema, itakavyowatendea raia waliotozwa kwa nguvu katika maeneo ambayo jeshi lake lilishindwa kuyalinda. Kumtoza mtu huyo mara ya pili, pamoja na faini ya kuchelewa, ni kumwadhibu kwa kushindwa kwa wengine.

Wako watakaosema hawana kampuni ya kuuza wala kununua. Basi waangalie mkataba wa nyumba wanamofanyia kazi, kwa kuwa hapo dhamana ya kodi inaandikwa kila siku bila kuitwa jina hilo. Kodi ya mapato ya kupangisha, inayotokana na sheria ya mwaka 1969 na ambayo sasa ni ya mkoa, kwa miaka mingi imekuwa asilimia 22. Mpangaji huzuia asilimia 20 ya pango na kuilipa mwenyewe serikalini, na mwenye nyumba hujazia iliyobaki. Mwenye nyumba wa Beni au Butembo, hasa tangu mashirika ya misaada yalipofurika wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, hataki kusikia habari hiyo. Anataka dola 500 mkononi, "mambo ya kodi ni yenu".

Mpangaji anakubali, anaongeza asilimia 20 ya 500, yaani dola 100, anazipeleka na kuamini amemaliza. Hajamaliza. Ikiwa 500 ni kile kinachobaki baada ya asilimia 20 kutoka, pango halisi ni 625, na kodi ya kuzuia ni 125. Kila mwezi anabaki nyuma kwa dola 25, kwa mwaka 300, na wakaguzi wakifika deni ni la mpangaji, kwa sababu yeye ndiye ambaye sheria inamtaka azuie. Neno dogo la "mkononi" lililotamkwa sebuleni kwa mwenye nyumba limehamisha kodi ya mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na hakuna aliyepiga hesabu.

Hapa pana jambo linalostahili kusemwa kwa nguvu: dhamana ya kodi ina tabia ya kumwangukia mnyonge. Anayehitaji nyumba, anayehitaji kazi, anayehitaji kuuza upesi kwa sababu ya ugonjwa au usalama, ndiye anayetia sahihi bila kusoma. Mfanyabiashara anayekimbia vijiji vya Beni vinavyoshambuliwa na waasi wa ADF anauza kwa bei ya kukimbia. Akiongezewa kifungu cha kubeba kila kodi milele, ameporwa mara mbili. Kwa hiyo kifungu kizuri kina mipaka. Kinasema miaka ipi. Kinaweka kiwango cha juu ambacho muuzaji hawezi kudaiwa zaidi yake, isipokuwa pale alipoficha kwa makusudi. Na hakiwezi kufunika udanganyifu: mkataba wenye lengo haramu haushiki mbele ya jaji, na mtu aliyeghushi hati za duane hawezi kumkodi mwingine abebe kesi yake ya jinai.

Tuchukue biashara inayouzwa dola 200,000. Mnunuzi alipe 170,000 siku ya funguo, na 30,000 ziwekwe benki kwa jina la wote wawili, zisitoke bila sahihi mbili. Kila mwaka mmoja wa kodi unapofungwa, sehemu yake imrudie muuzaji. DGI ikiandika barua ndani ya kipindi hicho, mnunuzi ampelekee muuzaji nakala ndani ya siku zilizokubaliwa, tuseme kumi, na muuzaji awe na haki ya kujibu na kupinga, kwa kuwa yeye ndiye anayejua mwaka huo ulikuwaje na risiti ziko wapi. Kesi ya Tullow inaonyesha kwamba ugomvi hauko tu kwenye nani anabeba. Unaweza kuwa pia kwenye nani aliarifiwa, lini, na kwa karatasi gani. Pande mbili zikiandika mapema anwani ya kupokelea barua na namba ya simu ya kutumia, zimejiondolea nusu ya kelele za mahakamani.

Wazo la kushikilia pesa halipaswi kumshtua mtu. Sheria ya OHADA yenyewe, duka linapouzwa kama duka na si kama hisa, inataka tangazo litolewe na bei ishikiliwe na mthibitishaji wa hati au benki kwa siku 30, ili wadai wajitokeze. Tatizo ni kwamba mauzo mengi ya Butembo hupita pembeni ya utaratibu huo, na siku 30 hazitoshi kwa deni la kodi lenye umri wa miaka minne.

Wala si tusi kwa muuzaji. Benki ya Equity ya Nairobi iliponunua sehemu kubwa ya hisa za benki ya BCDC mwaka 2020 kwa dola milioni 95, na benki ya KCB ilipochukua asilimia 85 ya benki ya TMB mwaka 2022, hazikununua majengo na makasha ya pesa tu. Zilinunua pia miaka ya nyuma ya kodi za benki hizo, na katika mauziano ya ukubwa huo miaka hiyo huchunguzwa mmoja mmoja kabla ya mtu kutia sahihi. Mfanyabiashara anayeweka akiba yake katika benki hizo anaweza kudai uangalifu uleule kwa depo yake. Kwa duka dogo haihitajiki hata kurasa mbili. Biashara ndogo sana, yenye mauzo yasiyozidi franka milioni 10 kwa mwaka, sheria ya mwaka 2013 iliiwekea kodi moja ya franka 50,000. Juu ya hapo mpaka milioni 80, iliweka asilimia 1 ya mauzo ya bidhaa au asilimia 2 ya huduma. Hesabu ya miaka minne ya duka kama hilo inaenea kwenye karatasi moja, kwa kalamu ya kawaida.

FEC za Butembo na Beni zina mawakili na wahasibu miongoni mwa wanachama wao. Zinaweza kuandaa mfano mmoja wa kifungu, kwa Kifaransa cha mahakama na kwa Kiswahili ambacho mama wa sokoni Kilokwa atakisoma mwenyewe, na kuugawa bure. DGI, ambayo kila mwaka hulalamika kuhusu biashara zinazokwepa, inaweza kukubali jambo moja tu: muuzaji na mnunuzi wakifika pamoja kwenye dirisha lake, ipokee ombi lao na kutoa ndani ya siku zinazojulikana hati ya hali ya kodi ya kampuni, bila kuligeuza ombi hilo kuwa nafasi ya kubuni madeni mapya. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya watu wauziane gizani, na ofisi ya Beni na ya Butembo zinaweza kuiondoa kwa kazi ya mwaka mmoja. Hati hiyo, pamoja na nakala za risiti za benki za miaka minne, ibanwe nyuma ya mkataba wa mauziano kabla bei haijakatwa.